Chungu Hakikufa

Kuna neno ambalo limeenea katika majarida ya usanifu, katika vipeperushi vya maonyesho na hata katika maandiko ya miradi ya kinamama wa vijijini: kwamba ufinyanzi umefufuka. Wasemao hivyo wana ushahidi wao, na sitauficha. Mwaka 2003 Grayson Perry, mfinyanzi, alitwaa Tuzo ya Turner kule Uingereza. Mwaka 2022, katika maonyesho makubwa ya Venice, Simone Leigh wa Marekani, ambaye kazi zake za udongo na shaba zimejaa maumbo ya Kiafrika, alitunukiwa Simba wa Dhahabu. Katika maonyesho hayo hayo zilikuwamo kazi za Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi. Vijana wa miji yetu nao wanalipia madarasa ya gurudumu la kufinyangia, na mikahawa inaagiza bakuli ambazo alama za vidole zimeachwa makusudi zionekane.

Yote hayo ni kweli. Ninachokikataa ni hilo neno lenyewe. Anayefufuka ni aliyekufa, na mimi naandika haya nikiwa Kwihara, mahali ambapo chungu hakijawahi kuzikwa. Tukikubali kwamba kilikufa, tumekubali pia kwamba mama aliyekichoma wiki iliyopita hayupo.

Wageni wanaofika Kwihara humfuata Livingstone. Tembe aliyokaa, nje kidogo ya mji wa Tabora, imebaki na jina lake, na habari zake tunazo mpaka tarehe: Stanley alimuaga hapa tarehe 14 Machi 1872, naye akabaki akisubiri wapagazi kutoka pwani mpaka tarehe 25 Agosti alipoondoka kwa safari ya mwisho. Mwaka uliofuata watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, waliupitisha mwili wake hapa Unyanyembe wakiupeleka pwani. Sina ugomvi na kumbukumbu hiyo. Lakini katika miezi yote ile kuna mtu alipika, na kuna chombo maji yalimokaa yakapoa. Msafara ulipotua, wapagazi walijigawa katika vikundi vya kula pamoja, na kila kikundi kilihitaji chungu. Wanyamwezi walioibeba biashara ya Afrika Mashariki mabegani mwao kwa karne nzima hawakuishi kwa kutafuna pembe za ndovu. Hata ile tembe ni udongo, kuta zake na dari yake bapa pia. Mgeni anasimama ndani ya kazi ya mikono ya watu wa hapa, akimuulizia mtu aliyepanga kwa miezi sita.

Tena chungu ni cha zamani kuliko msafara. Fuata njia ile ile ya misafara kuelekea magharibi, upande wa Ujiji, utafika Uvinza penye chemchemi za maji ya chumvi. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba pale katika miaka ya 1960, wakakuta kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo kupata chumvi tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Waliyachemsha katika vyungu. Chumvi ya Uvinza ilisafiri nchi nzima hii kabla mfanyabiashara yeyote wa pwani hajaijua njia, na nyuma ya kila fungu la chumvi kulikuwa na mfinyanzi.

Na tukumbuke jina la mtu mmoja wa ukoo wa watawala wa Unyanyembe, aliyejitenga na ndugu zake, akakusanya wapiganaji wa rugaruga, akajenga himaya Ukimbu na kuitawala mpaka alipofariki mwaka 1884. Alijulikana kwa jina la Nyungu ya Mawe. Mtu aliyetetemesha misafara na watemi hakujipa jina la simba wala la radi. Alichukua jina la chungu, chungu kisichovunjika. Katika nchi ambayo chungu ni kitu duni, nani angelithubutu kujiita hivyo?

Basi kilikufa lini? Wanaosimulia kifo chake hawataji mwaka, kwa sababu hakuna mwaka. Kilichotokea ni kwamba kazi za chungu zilichukuliwa moja baada ya nyingine. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na bidhaa za viwandani zikaacha kuja kwa mgongo wa mtu. Debe la mafuta ya taa likachukua kazi ya kuteka maji, kwa kuwa likianguka halivunjiki. Sufuria ikachukua ugali, kwa kuwa inapata moto upesi. Ndoo ya plastiki ikachukua kuhifadhi. Wanawake waliofanya mabadiliko hayo walikuwa na akili timamu, na sioni sababu ya kuwalilia. Walikabidhi kwa sufuria kile ambacho sufuria inakiweza, wakabakiza chungu kwa kile ambacho sufuria haikiwezi: maharage yanayotaka moto wa polepole tangu asubuhi, mboga za majani zenye karanga, maji ya kunywa, pombe ya mtama, dawa ya mizizi, na yale mambo ya wazee ambayo hayafanyiki katika chombo cha bati. Huko chungu kiliendelea kuishi, na bado kinaishi.

Tazama lugha ilivyotuponyoka. Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, neno "mtungi" lilikuwa kinywani mwa kila mtu, na kila mtu alimaanisha chuma chenye gesi. Naunga mkono mkakati huo kwa moyo wote, maana nimewaona kinamama waliopofushwa na moshi. Ila neno lile lilikuwa la mfinyanzi. Miaka minne kabla yake, mwaka 2020, nchi nzima ilikuwa ikipiga nyungu, yaani kujifukiza, kwa ajili ya korona. Redio zilitaja nyungu kutwa, na watu walibishana juu ya majani gani yaingie na mtu ajifunike kwa muda gani. Sikumsikia mfinyanzi hata mmoja akiulizwa swali. Neno lilikuwa limetengana na chombo, na chombo kimetengana na mtu anayekitengeneza. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na dawa yake haimo katika kumbi za sanaa.

Lakini hoja inayoniudhi kuliko zote ni ya pili, ile inayoambatana na ufufuo kama kupe na ng'ombe: kwamba mfinyanzi wa kijijini aokolewe kwa kufundishwa. Apewe gurudumu, ajengewe tanuri la joto kali, afundishwe kupaka ule utando unaong'aa kama kioo. Chungu chake, wanasema, ni dhaifu, kinavuja na hakijaiva.

Niliwahi kukaa katika semina ya namna hiyo. Mtaalamu alishika chungu cha mama mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatuambia tusikilize: sauti ya chini, kwa hiyo hakijaiva. Kinamama walinyamaza kwa adabu, kama ilivyo desturi mbele ya mgeni. Mwishoni mzee wao akasema polepole, "Mwanangu, kikiiva unavyotaka wewe, kitanipasukia jikoni." Semina ikaendelea kana kwamba hakuna lililosemwa. Mama yule alikuwa ametamka sentensi moja ya sayansi, iliyo sahihi kuliko yote yaliyosemwa siku ile, na inastahili kuelezwa.

Mfinyanzi wa huku hachukui udongo wowote. Anauchimba mahali anapopajua, ukingoni mwa mbuga au bondeni mwa mto, anauanika, anautwanga, anauloweka. Kisha anauchanganya na mchanga, au na magae ya vyungu vilivyovunjika aliyoyatwanga yakawa chenga. Hajengi kwa gurudumu. Anasokota kamba za udongo na kuzipandisha duara juu ya duara, na chungu kikiwa kikubwa ni yeye anayekizunguka. Analainisha kwa gunzi la mahindi na kipande cha kibuyu, anakiacha kikauke kivulini, na kikikaribia kukauka anakisugua kwa kokoto mpaka kinapata mng'ao wake. Siku ya kuchoma anavipanga vyungu juu ya kuni kavu, anavifunika kwa magome na nyasi, anawasha. Moto wa namna hiyo, ulio wazi, kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900 za sentigredi. Bakuli zile nzito za mikahawani huchomwa kwa nyuzi 1,200 na zaidi.

Sasa weka vyote viwili juu ya mafiga. Moto unagonga kitako ghafla, ilhali juu bado ni baridi. Udongo wa chini unatanuka, wa juu umetulia, na hapo ufa huanza. Katika chungu cha kijijini, ufa huo unakutana na tundu dogo, au chenga ya gae, na unaishia papo hapo. Chungu kimejaa mahali pa kusimamisha nyufa. Katika bakuli lililochomwa kwa joto kali, udongo umeyeyuka ukashikana kama jiwe, hauna nafasi ndani yake, na ufa ukianza hupita moja kwa moja hadi ng'ambo. Ndiyo maana chombo kinacholia vizuri kikigongwa ndicho kinachopasuka kikipashwa moto wa kuni. Ile sauti ya chini ambayo mtaalamu aliisikia kama kasoro ndiyo dhamana ya mama aliyekitengeneza.

Vitundu hivyo hivyo ndivyo vinavyopoza maji. Mtungi hutokwa na jasho: maji kidogo hupenya nje, upepo unayachukua, na yanapoondoka yanaondoka na joto. Tabora ya mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, asiye na mtungi wala jokofu anajua thamani ya jambo hilo. Ukiupaka mtungi utando wa kioo umeuziba pumzi, na maji yatakuwa vuguvugu kama ya ndooni. Kuhusu kuvuja, kila aliyelelewa na bibi anajua kwamba chungu kipya hupikiwa kwanza uji au maji ya pumba, ule wanga ukaingia kwenye vitundu na kuviziba kiasi kinachotakiwa. Na gurudumu ambalo wanataka kumletea mfinyanzi hutoa vyombo vyenye kitako bapa, wakati chungu cha mafiga kinataka kitako cha mviringo, ili moto ukikumbatie pande zote na kitulie penye mchanga au juu ya kata kichwani.

Mbinu hizi ni majibu ya maswali ambayo jiko la huku liliuliza, na ziliendelea kusahihishwa kwa vizazi vingi na watu ambao kosa lao liliwamwagia chakula cha watoto motoni. Wala hazikusimama. Nimeona sokoni vyungu vyenye vitako bapa vilivyofinyangwa kwa mkono, kwa ajili ya majiko ya mkaa na ya gesi. Hakuna semina iliyowafundisha kinamama hawa. Waliona majiko ya wateja wao yamebadilika.

Atakayesema ninatetea ukale amtazame Magdalene Odundo, ambaye jina lake ndilo linaloongoza katika orodha ya hao wanaoitwa wafufuaji. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasoma sanaa Uingereza, kisha katikati ya miaka ya 1970 akaenda Abuja, Nigeria, katika kituo cha ufinyanzi alikokuwa mfinyanzi Ladi Kwali. Huko akajifunza kufinyanga kwa mkono kutoka kwa wanawake wa Kigbari, waliojifunza kwa mama zao. Mpaka leo vyombo vyake, vile ambavyo majumba makubwa ya makumbusho yanagombania, havikujengwa kwa gurudumu wala havina utando wa kioo. Vimepandishwa kwa mkono, vimepakwa udongo laini, vimesuguliwa. Anavichoma katika tanuri, hilo ni kweli, na wekundu au weusi wake unatokana na hewa anayoipa au kuinyima moto, jambo ambalo mwanamke yeyote anayechomea vyungu kwenye nyasi analifahamu. Odundo mwenyewe hajaficha deni lake kwa hao waliomfundisha. Wanaolificha ni wanaoandika juu yake. Kilele cha huo ufufuo kimejengwa kwa mbinu zile zile ambazo mfinyanzi wa Unyamwezi anaambiwa aziache ili apate maendeleo. Kama hazifai, kwa nini zinafaa Venice?

Wanigeria, kwa upande wao, walimweka Ladi Kwali kwenye noti ya naira 20, akiwa na chungu chake, mwanamke mwenye jina. Huku kwetu, ukienda katika makumbusho yenye vyungu vya bara letu, mara nyingi utasoma jina la kabila na jina la aliyekikusanya, afisa au mmisionari. Aliyekifinyanga hana jina. Pwani nako kuna namna yake ya kusahau. Kwa muda mrefu historia ya miji ya Waswahili ilisomwa kwa bakuli za Kichina, kama zile zilizopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi, kwa kuwa zinapendeza na zinasaidia kukadiria miaka. Wakati huo huo, sehemu kubwa kabisa ya magae yanayochimbuliwa katika miji hiyo ni ya vyungu vya hapa hapa. Ilibidi wanaakiolojia kama Felix Chami wasisitize kuyasoma magae hayo ya kawaida, ndipo ikaonekana wazi kwamba waliojenga pwani walikuwa na ndugu bara.

Wapo pia wanaotenganisha "sanaa" na "ufundi", kisha wakasema chungu cha kupikia kiko upande wa pili wa ukuta. Ukuta huo haumo katika Kiswahili. Sanaa kwetu ni kazi ya mikono iliyofanywa kwa ustadi, na neno lilitufikia likiwa na maana hiyo. Anayechonga mlango anafanya sanaa, na anayefinyanga mtungi pia. Aliyeleta ukuta autoe.

Nimesikia vilevile kwamba vyungu vinamaliza miti. Hoja hii hapa Tabora inahitaji ujasiri wa pekee kuitamka. Nchi hii ya miombo imekuwa ikilima tumbaku tangu mpango wa kikoloni wa kilimo cha karanga uliposhindwa Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa magogo yanayowaka siku nyingi mfululizo, usiku na mchana. Mama anachomea vyungu kwa vijiti, magome na nyasi, na moto wake unazimika kabla ya jua kuzama. Anayehesabu miti na aanze na mabani ya kukaushia tumbaku.

Hoja moja ya wapinzani wangu ina uzito, nayo ni kwamba mabinti hawataki kurithi kazi hii. Ni kweli, hawataki. Lakini sababu wanazozitoa, kwamba vijana wameingiwa na usasa na hawathamini mila, ni matusi kwa vijana. Binti anamwona mama yake akienda na kurudi na mzigo wa udongo, akifanya kazi ya siku nyingi ambayo mvua moja ya ghafla inaweza kuiharibu, kisha akiuza chungu kwa bei ambayo mara nyingi haifiki ya kikombe cha kahawa katika mikahawa ile ya bakuli zenye alama za vidole. Binti anajua hesabu. Tumezoea kusema mfinyanzi hulia gaeni, na kwa miaka mingi tumeitumia methali hiyo kama ruhusa, kana kwamba ni sheria ya Mungu kwamba anayetengeneza vyombo vya wengine ale kwenye kipande. Sheria hiyo tuliitunga sisi wanunuzi kila tulipomwomba apunguze bei.

Penye soko, kazi haikukwama. Wakisi wa Ziwa Nyasa, pale Ikombe, wanafinyanga mpaka sasa, na vyungu vyao vinapanda mitumbwi kwenda gulioni Lyulilo karibu na Matema, kisha vinasambaa Kyela, Tukuyu na Mbeya. Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani yake, lililoanza kuenea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, limeingia katika nyumba nyingi za miji ya Afrika Mashariki kuliko kazi ya msanii yeyote wa udongo. Hakuna jarida la usanifu linaloliita ufinyanzi. Wanaotengeneza vikombe hivyo wanapata mkate wao, na vijana wapo kati yao.

Kwa hiyo siwaombi watu wa maonyesho wamletee mfinyanzi uhai, maana anao. Wanunue kwa bei wanayoilipa mjini. Waandike jina lake chini ya kitu chake. Maeneo ya udongo yasigawiwe kama viwanja bila kumuuliza, kwa sababu udongo mzuri ukijengewa nyumba umekwenda moja kwa moja. Na shule zinazofundisha stadi za kazi zimwite aje afundishe, alipwe posho sawa na mgeni yeyote mwenye cheti.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni kwa mama ninayenunua kwake. "Mwangaluka mayu," nikamsalimu, akaitika bila kuacha kupanga vyungu vyake. Akafika kijana mmoja nadhifu, mpole, anayepamba hoteli. Alichagua mtungi mkubwa kuliko yote, akauliza bei, hakupunguza hata shilingi, nikampenda kwa hilo. Kisha akaomba utobolewe kitakoni, kwa sababu atauotesha maua.

Mama aliusogeza mtungi nyuma yake. "Huu nimeuchoma kwa maji ya kunywa, baba," akasema. Akainama chini ya meza, akatoa mwingine wa umbo lile lile, wenye ufa kutoka mdomoni mpaka begani, akampa kwa nusu ya bei. Kijana akauchukua akaondoka ameridhika. Ule mzima ulibaki palepale nyuma ya mama mpaka saa tisa, alipokuja mwanamke wa Itetemia aliyekuwa ameuagiza, akaumiminia maji ya kopo, akainua mtungi, akatazama kitako chake kwa muda mrefu, akalipa.